Kikinga mwanga cha lenzi

Kikinga mwanga cha lenzi (pia: hudi ya lenzi) ni kifaa kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera ili kuzuia mwanga unaotoka nje ya eneo la picha usiingie ndani ya lenzi. Hutengenezwa kwa plastiki, metali au mpira. Upande wake wa ndani huwa mweusi usiong'aa, na pengine huwekwa mifuo au kitambaa cha mahameli ili usirudishe mwanga. Kazi yake inafanana na ya kiganja ambacho mtu huweka juu ya macho anapotazama mbali juani.

Sababu ya kutumika

Lenzi ya kamera huundwa kwa vioo kadhaa vilivyopangwa pamoja. Uso wa kioo usio na utando huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Lenzi yenye vioo 7 vilivyotengana ina nyuso 14. Bila utando ingepitisha asilimia 56 hivi tu ya mwanga. Sehemu ya mwanga ulioakisiwa hurukaruka kati ya vioo, kisha hufika kwenye filamu au kihisi mahali pasipo pake.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani, alibuni utando mwembamba wa kupunguza uakisi huo. Lenzi za kisasa huwa na tabaka kadhaa za utando, na uakisi wa kila uso umeshuka chini ya asilimia 1. Hata hivyo haujakwisha kabisa, na mwanga wa jua ni mkali kiasi kwamba hata sehemu yake ndogo huonekana kwenye picha.

Athari kwa picha

Mwanga uliopotea njia huharibu picha kwa namna mbili:

* Ukungu: mwanga husambaa juu ya picha nzima. Sehemu nyeupe hazibadiliki sana, lakini sehemu nyeusi hugeuka kijivu na rangi hufifia.
* Madoa ya mwanga: alama zenye umbo la tundu la lenzi hujipanga katika mstari kutoka upande wa jua.

Ukungu unaweza kupunguzwa baadaye kwa kompyuta, lakini mambo madogo yaliyofunikwa katika sehemu za giza hayarudi yote. Kwa hiyo ni afadhali kuuzuia kabla ya kupiga picha.

Aina na ulinganisho

Urefu wa kikinga hutegemea pembe ya mwono ya lenzi. Kwa kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 huona nyuzi 84 kutoka kona hadi kona, ya milimita 50 huona nyuzi 47, na ya milimita 200 huona nyuzi 12 tu. Kadiri pembe inavyokuwa ndogo, ndivyo kikinga kinavyoweza kuwa kirefu na kukinga vizuri zaidi.

* Cha mviringo hufaa lenzi ndefu. Hufaa pia lenzi ambazo sehemu yake ya mbele huzunguka wakati wa kulenga.
* Chenye umbo la ua hutumika kwa lenzi pana. Kwa kuwa picha ni ya mstatili, lenzi huona mbali zaidi kwenye kona. Kwa hiyo kikinga hukatwa penye kona na kuachwa kirefu juu na chini.
* Cha mpira hukunjwa na kubebwa kwa urahisi, ila huweza kupinda kikaingia katika picha.
* Cha mikunjo hurefushwa au kufupishwa kulingana na lenzi. Hukinga vizuri sana, lakini ni kikubwa na hutaka muda.

Lenzi ya zumu ina tatizo lake: kikinga chake kwa kawaida hupimwa kwa pembe pana kuliko zote, hivyo hukinga kidogo lenzi inapovutwa hadi mwisho.

Mipaka

Kikinga hakisaidii ikiwa jua au taa imo ndani ya picha yenyewe. Hakiondoi pia ukungu unaotokana na vumbi au alama za vidole kwenye kioo. Kikinga cha lenzi nyingine, au chenye umbo la ua kilichofungwa vibaya, hutia weusi kwenye kona za picha. Kikinga kirefu huweza pia kuziba flashi ya kamera na kuacha kivuli sehemu ya chini.

Baadhi ya wapiga picha hutaka mng'ao huo kwa makusudi. Filamu ya *Star Trek* (2009) iliyoongozwa na J. J. Abrams inajulikana kwa mng'ao mwingi wa namna hiyo.

Kupima tofauti

Kamera huwekwa juu ya stendi, jua likiwa upande wa mbele lakini nje kidogo ya picha. Mipangilio ya mwanga hufungwa isibadilike yenyewe. Picha mbili hupigwa, moja ikiwa na kikinga na nyingine bila, kisha hulinganishwa katika sehemu zenye kivuli, kwa kuwa humo ndimo tofauti huonekana kwanza. Jua likiwa nyuma ya mpiga picha, mara nyingi picha hizo mbili hufanana.

Tazama pia

* Kamera
* Lenzi
* Upigaji picha