Kuchangisha Ganji ya Bidhaa Mpya Mtandaoni: Jaza Gari Kabla Litoke Stage

Ukifika stage upate mathree mbili za ruti moja, moja imebakisha viti viwili na ingine iko tupu, utaingia gani? Hata hufikirii. Unaingia ile iko karibu kujaa ju unajua hiyo ndio itatoka. Ile tupu inaweza kuwa na mziki moto na graffiti noma, lakini makanga atapiga kelele hadi sauti iishe.

Kampeni ya kuchangisha pesa za bidhaa mpya iko hivyo hivyo. Mtu akifungua ukurasa wako apate watu wawili pekee wamechanga, anahepa. Akipata mia mbili, anauliza M-Pesa iko wapi. Kwa hivyo kazi kubwa ya kupromoti haianzi siku ya kampeni. Inaanza miezi kadhaa kabla, ukitafuta abiria wa kwanza. Na kuna kitu ya pili wasee husahau: gari likijaa, lazima lifike. Ukikula fare ya watu, jina lako limeenda.

Kama una idea kali na sampuli iko hapo kwa keja inakungoja, hii ndio rada.

Hii mchango si ile ya hospitali

Tumezoea harambee. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, listi ya majina inapita, kila mtu anatuma kenye ako nacho. Hapo mtu anatoa ju ya huruma ama undugu. Harudi kuuliza "mzigo yangu iko wapi?"

Mchango wa bidhaa ni tofauti. Unaonyesha watu kitu bado haijatengenezwa kwa wingi, wanalipa mapema kwa bei nafuu, unatumia hiyo doh kutengeneza, alafu unawatumia yao. Mchangaji si mfadhili wako. Ni mteja ameamua kukungoja. Ukimwongelesha kama mtu wa kuhurumia, atakutumia soo moja na emoji ya maombi. Ukimwonyesha venye shida yake itaisha, atalipa bei yote.

Risto ya BRCK

Hii si stori ya majuu pekee. Mei 2013, timu iliyotoka Ushahidi hapa Nairobi iliweka kampeni Kickstarter. Bidhaa yao iliitwa BRCK: kifaa cha intaneti kama tofali ndogo, chenye betri ya kukaa masaa 8 stima ikipotea, na nafasi ya laini ya simu ndio ikuunganishe WiFi ikilala. Walitaka $125,000. Walipata $172,107 kutoka kwa watu 1,078. Ukigawanya, ni kama $160 kwa kila mtu.

Cheki vitu tatu walifanya poa. Kwanza, shida yenyewe ilikuwa rahisi kuelewa. Kila mtu wa Nairobi anajua stima kupotea katikati ya kazi. Pili, hawakuwa wageni. Ushahidi ilianza wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, na kufika 2013 ilikuwa inajulikana dunia mzima. Watu waliiamini kabla waione BRCK. Tatu, walibonga wenyewe. Erik Hersman alikuwa anaandika mtandaoni kwa miaka, na Juni 2013 Juliana Rotich akasimama TEDGlobal kule Edinburgh kueleza hiyo kifaa.

Wateja walianza kupata mzigo 2014. Yaani walingoja. Walivumilia ju walikuwa wanaambiwa kazi imefika wapi.

Chagua mahali pa kuchangishia

Kickstarter ilianza 2009 na sheria yao ni moja: usipofikisha target, hupati hata ndururu na hakuna mtu anakatwa. Ukifikisha, wanachukua 5%, alafu kuna ada ya malipo juu yake. Kampeni haiwezi pita siku 60, na wao wenyewe wanashauri siku 30 ama chini. Noma ni kwamba Kenya haiko kwa listi ya nchi wanakubali kuanzisha kampeni. Unahitaji kampuni imesajiliwa kwa nchi iko kwa hiyo listi. Usidanganye anwani ya cousin yako wa Dallas bila makaratasi ya ukweli. Doh inaweza kwama huko ukiiangalia tu.

Indiegogo imekuwa na njia mbili: ile ya kupata zote ama ukose zote, na ile ya kubaki na kenye umepata. Hiyo ya pili ni tamu lakini ni mtego. Kama unahitaji laki saba kutengeneza bidhaa na umepata laki moja, bado uko na deni kwa kila mtu alilipa.

Kama wateja wako wako hapa Kenya, wape njia ya kulipa kwa simu. M-Changa ni ya hapa na inapokea M-Pesa, ingawa wengi wanaijua kwa michango ya matibabu na fees. Ukiitumia kwa bidhaa, eleza wazi mtu atapata nini na lini.

Piga hesabu kabla upige vidio

Tuseme unatengeneza koti ya mvua ya watu wa boda, yenye mfuko wa simu haupitishi maji. Kila koti inakugharimu KSh 1,500 kutengeneza. Unataka kuuza 300 za kwanza kwa KSh 2,500. Hiyo ni KSh 750,000. Umeomoka? Tulia.

Ada ya jukwaa ya 5% ni KSh 37,500. Ada ya malipo, tuseme 4%, ni KSh 30,000. Kutengeneza ni KSh 450,000. Kutuma kila moja kwa KSh 250 ni KSh 75,000. Weka koti 20 za kubadilishia wale watapata zenye zip imekufa: KSh 30,000. Jumla ni KSh 622,500. Umebaki na KSh 127,500 ya matangazo, vidio, ushuru na jasho yako.

Sasa weka bei ya KSh 2,000 ndio "uvutie watu." Ada zinashuka kidogo, lakini hiyo 127,500 imeyeyuka na uko chini karibu 9,000. Yaani kila mtu akinunua, unazidi kusota.

Hesabu ya pili ni ya watu. Tuseme katika kila watu 100 wanaona ukurasa wako, 3 wananunua. Koti 300 zinahitaji watu 10,000. Wako wapi? Kama jibu ni "nitaposti TikTok," bado hujapata jibu.

Tafuta abiria wa kwanza

Anza miezi mitatu kabla. Peleka sampuli kwa watu wenyewe. Kama ni koti ya boda, nenda stage za boda wakati wa mvua, wape wavae wiki moja, warudi wakutusi. Mmoja atakwambia mfuko uko upande mbaya, mwingine zip inakwaruza shingo. Rekebisha, urudi. Hao ndio watakuwa wa kwanza kununua na kukutetea, ju hiyo koti wanaona kama yao.

Chukua namba za wenye wanataka kuambiwa. Uliza ruhusa kwanza na uwaambie utazitumia kufanya nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si mapambo. Fungua grupu moja, usijaze posti za "good morning." Tuma tu kitu ya maana: picha ya sampuli mpya, swali la rangi, tarehe ya kuanza.

Wiki moja kabla, pigia watu 50 simu. Usitume meseji ya jumla. Mwambie kila mmoja, "Tunaanza Jumanne saa tatu asubuhi, na nakuomba ulipe hiyo siku ya kwanza." Wazee wa harambee walijua hii kitambo. Jina la kwanza kwa kadi likiwa na ngiri tano, anayefuata anaona aibu kuandika finje.

Lakini usifanye kama wale wasee hulipwa kukalia mathree ndio ionekane imejaa. Kununua wafuasi feki ama kujichangia mwenyewe kwa laini kumi ni kujidanganya. Abiria wa ukweli akiingia, wale wanashuka, na gari bado halitoki.

Kabla uonyeshe dunia, pitia KIPI uulize kuhusu kulinda uvumbuzi na jina lako. Kama bidhaa ni ya stima ama ya kuguswa na watoto, uliza KEBS viwango ni gani. Ni afadhali ujue sasa kuliko ukiwa na mzigo wa watu 300 umekwama.

Ukurasa na vidio

Vidio ya dakika mbili inatosha. Sekunde kumi za kwanza onyesha shida: mvua, simu imelowa, oda imepotea. Alafu onyesha bidhaa ikifanya kazi. Usoni kwako kuwe ndani, ju watu hulipa mtu wanamwona. Drone ya KICC na mziki wa sinema hazihitajiki.

Onyesha sampuli yenyewe. Tangu 2012 Kickstarter ilikataza picha za kompyuta zenye zinafanya bidhaa ikae imekamilika wakati haijakamilika. Hata kama uko kwingine, fuata hiyo sheria.

Weka bei chache. Pebble, ile saa ya 2012 ilitaka $100,000 ikapata zaidi ya milioni 10 kutoka kwa watu 68,929, ofa yake kubwa ilikuwa rahisi: lipa $115 sasa, ama ungoje dukani bei ipande. Mtu akisoma ofa 14 tofauti, anafunga simu akadishi.

Mwisho wa ukurasa, andika mambo yanaweza kwenda mrama. Kitambaa kinaweza chelewa Mombasa. Sema. Mtu ukimwambia mapema, atakuvumilia. Ukimficha, atakuanika.

Siku thelathini

Siku mbili za kwanza ni za watu wako. Amsha grupu, pigia wale 50. Ukifika robo ya target, sasa tafuta wageni: redio za mtaa, blogu, watu wa TikTok wenye wafuasi wanaendesha boda kweli. Msee wa wafuasi 4,000 kutoka stage atakusaidia kuliko celeb wa milioni wa kuposti udaku.

Katikati kutakuwa kimya. Kila kampeni hufika hapo. Usipanik na usishushe bei, ju utachoma wale walilipa mapema. Toa habari mpya: mtu amevaa koti wiki mbili, fundi anashona mfuko mpya. Siku tatu za mwisho rudi kwa wote walisema "nitacheki" na uwakumbushe mara moja.

Gari lilijaa, halikufika

Sasa risto ya kukufungua macho. Marekani kulikuwa na friji ya kubeba pikiniki, ina blenda na spika ndani, inaitwa Coolest Cooler. Mwisho wa 2013 ilitaka $125,000 Kickstarter, ikakosa. Ilikuwa baridi huko, nani ananunua friji ya pikiniki? Mwenyewe, Ryan Grepper, hakuingia mitini. Alirekebisha muundo, akangoja joto, akarudi Julai 2014 na target ya $50,000. Akapata zaidi ya milioni 13 kutoka kwa watu 62,642.

Kwa promosheni, huyo msee alishinda. Shida ilikuja baadaye. Bei aliyoahidi haikutosha kutengeneza mzigo wote. Pesa zikaisha, kampuni ikaanza kuuza friji kwa Amazon kwa bei ya juu wakati waliolipa zamani bado wanangoja. Desemba 2019 ikafunga, na karibu watu 20,000 hawakuwa wamepata chao.

Si yeye pekee. Ethan Mollick, mwalimu wa chuo kikuu cha Pennsylvania, alifanya utafiti uliotoka 2015, akapata kama 9% ya miradi iliyopata pesa Kickstarter ilishindwa kupeleka ilichoahidi.

Kwa hivyo weka kikomo. Kama fundi wako anaweza koti 300, andika 300 na ufunge. Wengine waingie listi ya awamu ya pili. Kuuza zikaisha ni tangazo. Kuuza zenye huna ni deni.

Ukikosa je?

Ukikosa target, andikia watu siku hiyo hiyo, wajue hakuna mtu amekatwa ama pesa zinarudi. Alafu pigia wale hawakununua uwaulize kwa nini. Grepper alikosa akajua amekosea msimu. Wewe unaweza pata ni bei, ama ni mfuko.

Ukifaulu, kazi ndio imeanza. Tuma habari kila wiki mbili hata kama habari ni mbaya. "Fundi amechelewa, tutapeleka wiki ya tatu" inauma kidogo. Kimya inauma zaidi, na mtaa hausahau nani alikula fare. Lakini ukipeleka mzigo, wale 300 ndio abiria wako wa kwanza wa bidhaa ya pili. Na hapo hutahitaji kupiga kelele stage.