Neno na Maana: Hiyo si katuni

Filamu ya The City of Samba, iliyopigwa kwenye kanivali ya Rio de Janeiro mwaka 2011, huwaonyesha wachezaji wakiwa wadogo kama wanasesere. Wapo wanaoiita katuni. La hasha! Katuni, neno lililotujia kupitia Kiingereza, asili yake ni neno la Kiitaliano la karatasi nene; ni mchoro. Wala si kikaragosi, ambacho huchezeshwa na mkono wa mtu.

Hapa watu ni halisi. Lenzi ikiinamishwa, juu na chini ya picha hufifia. Picha zilizopigwa moja moja zikiharakishwa, mwendo hudundadunda, na jicho hudanganyika. Tuiite filamu ya udogo bandia. Katuni tuwaachie wachoraji, kwani jasho la wachezaji wale ni la kweli.