Omubirizi: Habari za Dawa za Mimea katika Karagwe na Kyerwa

Katika kufurahia jubilei hii twakumbuka makanisa, shule na hospitali zilizojengwa. Yatupasa kukumbuka pia jambo lililokuwako kabla ya hayo yote, yaani maarifa ya wazee wetu juu ya majani, magome na mizizi.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe, wakapokewa kwa wema na Mfalme Rumanyika. Mwezi wa Januari Speke alishika njia ya Buganda. Lakini Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki huku mpaka Aprili 1862. Miezi hiyo yote wenyeji walimjaribia dawa zao. Naye Grant alipenda sana mimea. Aliikusanya njiani na kuikausha, na wataalamu wa kwao wakaieleza katika kitabu kilichotolewa kati ya miaka ya 1872 na 1875.

Walakini kujua jina la mmea si kujua nguvu yake. Tutazame omubirizi, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Mtu wa Karagwe hana haja ya kuelezwa uchungu wake. Mwaka wa 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde na mwenzake Michael Huffman walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la mti huo. Aliondoa gome na majani, akatafuna moyo wa shina na kumeza maji yake machungu. Siku ya pili yake alionekana amepata nafuu. Kalunde alijua tayari ya kuwa kwa Watongwe, watu wa nchi ile, mti huo ni dawa.

Ndipo wataalamu wa Kyoto, katika Japani, walipoanza kazi. Hukausha sehemu za mmea, huziloweka ili dawa itoke, huchuja, kisha hutenganisha kitu kimoja kimoja na kukijaribu peke yake. Katika moyo wa shina waliona kitu walichokiita vernoniosidi B1, kilichopunguza mwendo wa minyoo ya kichocho na kuizuia isitage mayai. Katika majani waliona kingine, vernodalini. Hicho kilikuwa na nguvu, lakini kilipojaribiwa kwa panya kilionekana kuwa sumu. Basi mti ni mmoja, na dawa na sumu hukaa pamoja. Hutofautiana kwa sehemu na kwa kipimo.

Nchini mwetu kazi hii ilianza Muhimbili mwaka wa 1974, na mwaka wa 1991 ikafanywa chuo cha utafiti wa dawa za asili. Kati ya miaka ya 2009 na 2012 wataalamu walitangaza habari za dawa za Kagera, walizozipata kwa waganga wa Bugabo na Katoro upande wa Bukoba, na wa Kikuku katika Muleba.

Nasi wa Karagwe na Kyerwa tuna wajibu wetu. Wako Wakristo walioiacha mitishamba yote kwa kuogopa ramli. Lakini jani si ramli. Nabii Isaya mwenyewe aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Mfalme Hezekia. Wako na wengine wamchelewesheao mtoto mwenye homa kali nyumbani kwa kutumainia majani, hata afikapo hospitali nguvu zimekwisha. Njia zote mbili ni hasara.

Enyi walimu, mzee afapo bila kuulizwa, huzikwa pamoja na maarifa yake. Watumeni watoto kwa babu na bibi zao, waandike jina la mmea kwa Kinyambo, mahali uotapo, sehemu itumiwayo na kipimo chake. Hayo yakiisha kuandikwa, wenye vyombo wataweza kupima. Na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.