Safu ya Lugha: Kuunganika si kuoana

Fundi mmoja wa kompyuta hapa Kitengela alibandika karatasi kwenye seva ya mteja: “Programu ya zamani inaoana na haipavaiza mpya.” Nilipouliza, alisema ameondoa tu kizuizi kinachokagua toleo la haipavaiza, programu ikaingia. Hapo zimeunganika, hazijaoana. Kuoana ni neno la ndoa, likahamia kwa vitu vinavyopatana, kama rangi za shanga sokoni Kajiado. Haipavaiza ndiyo inayogawa kompyuta moja iwe kompyuta pepe kadhaa. Toleo la haipavaiza lisilojaribiwa na programu laweza kuikubali leo, kesho likashindwa kutoa nakala za akiba. Wala “haijajaribiwa” si “haifai”. Fundi, tafadhali badilisha karatasi: “Imeunganika. Haijajaribiwa.”