Njia ya jeni za paka ilipita Mulago

Wanasayansi wa Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, wamechora ramani ya jeni za saratani kwa kupima uvimbe wa paka wa nyumbani karibu 500. Kazi kubwa. Ila historia yake inaposimuliwa, hospitali ya Mulago husahaulika, nami naona ni dhuluma.

Mwaka 1957, mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa jicho moja, aliitwa wodini Mulago, Kampala, kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, Jinja, akamkuta mwingine. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford, na pamoja na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson akazunguka kilomita 16,000 kwa wiki kumi, hospitali moja hadi nyingine. Wakabaini kwamba karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa huo, ambao ni saratani, ni nadra, kama ilivyo malaria. Sisi wa Kivu Kaskazini hilo halitushangazi: ukitoka milima ya Masisi ukapita Ntoto kuteremkia misitu ya Walikale, baridi inakuacha na malaria inakupokea.

Desemba 1963, kichupa chenye kipande cha uvimbe kilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda kwa mtafiti Anthony Epstein, London. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mwingine angeyamwaga. Epstein alichukua tone, akalitazama kwa hadubini: seli hai, zinaelea! Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo.

Mwaka huohuo, Glasgow, William Jarrett na wenzake walitangaza kirusi cha saratani ya damu ya paka. Miaka ya 1980 njia hizo mbili zikakutana: ikaonekana kwamba magonjwa yote mawili yanaivuruga jeni moja, MYC, inayoziamuru seli kugawanyika. Kwa mtoto, jeni hiyo huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na huko haizimiki. Kwa paka, kirusi hujipachika kando yake, au huinyakua kabisa.

Paka walipata chanjo ya kirusi chao mwaka 1985. Cha Epstein na Barr hakina chanjo iliyoidhinishwa hadi leo. Basi mzazi, ukiona taya la mtoto linavimba na meno yanalegea, usingoje wiki iishe: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili, na ukiwahiwa hospitalini unatibika kwa dawa.