Upepo ni wa bure, waya si wa bure

Juzi usiku stima ilipotea tena hapa Lucky Summer, nikiwa katikati ya kuandika programu. Betri ya laptopu nayo ikaisha. Asubuhi nikanunua tokeni huku nikijiuliza: kama upepo ni wa bure, mbona umeme wake si wa bure? Basi nikaanza kufukua historia.

Hadithi yetu inaanzia vilima vya Ngong mwaka 1993, kwa mitambo miwili tu iliyofadhiliwa na Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen iliongeza sita mipya, megawati 5.1. Kufikia 2015 Ngong ilikuwa na megawati 25.5. Si nyingi, lakini Nairobi iko hapo chini tu na waya ni mfupi.

Sasa hesabu kidogo, msiogope. Mtambo wa upepo haununui mafuta. Bei ya yuniti ni gharama ya kujenga ikigawanywa kwa yuniti utakazopata. Nayo nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nane. Ndiyo maana wawekezaji walienda hadi Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ambako upepo huvuma kwa wastani wa mita 11 hivi kwa sekunde. Wakasimamisha mitambo 365, megawati 310, kwa bei ya mkataba ya senti 7.52 za yuro kwa yuniti.

Tatizo likawa umbali. Nyaya hadi Suswa ni kilomita zipatazo 430. Mitambo ilikuwa tayari 2017, laini ikakamilika Septemba 2018. Ni kama kununua seva ukasahau kebo! Mkataba ulidai malipo hata kwa umeme usio na njia ya kutoka. Yakawa mabilioni ya shilingi, na sehemu yake ikaongezwa kwenye bei ya yuniti.

Na Kinangop, Nyandarua? Upepo upo, Nairobi si mbali. Lakini mradi wa megawati 60.8 ulifutwa Februari 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa sababu ya ardhi na fidia. Haikutoka hata yuniti moja.

Kwa hiyo ukiambiwa mahali fulani pana upepo mzuri, uliza: waya uko wapi, na wenye shamba wamesemaje? Kipima upepo hakijibu hayo, lakini bei ya tokeni hujibu.

Haya, tukutane wiki ijayo, stima ikiwepo.