Waliojitoa, na Waliowatunza

Kila jubilei twawataja wale waliojitoa kufanya kazi pasipo mshahara, na ni haki kuwataja. Lakini habari zao zina upande wa pili usiosemwa sana: je, walitunzwaje?

Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., ilitokana na mwito wa David Livingstone, aliposema na watu wa Cambridge mwezi wa Desemba 1857. Wamisionari wake hawakupewa mshahara, ila chakula, makao, na fedha kidogo za matumizi. Watu wa kujitoa walipatikana. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie alifika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi. Januari 1862 yeye na kasisi Henry Burrup walishuka mto Shire kwenda kuonana na Livingstone. Mtumbwi wao ukaingia maji, dawa zikapotea, nao wakangoja kisiwani pasipo kwinini, katika majira ya mvua. Askofu akafa kwa homa tarehe 31 Januari. Burrup akafa mwezi uliofuata. Bidii ilikuwapo, na imani pia. Dawa ya akiba haikuwapo.

Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia Misheni Unguja. Wako waliomlaumu sana, Livingstone mmojawapo. Sisi twaona alitenda kwa busara, maana angewezaje kuita watu wengine waje pale pale walipokufa wenzao?

Hata hivyo vifo havikukoma. Ndipo Daktari Robert Howard, aliyeanza kazi upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1899, alipofanya jambo ambalo kwetu lapita hotuba nyingi: aliketi akahesabu. Alichunguza habari za waliougua na waliokufa, akatoa taarifa yake mwaka 1904, akihimiza kwinini kwa utaratibu, vyandarua, na nyumba bora. Kufa mapema kulikuwa kumezoeleka kama sehemu ya sadaka. Yeye alikuona kuwa jambo la kuzuilika.

Twawaandikia haya waalimu na wazee wa mitaa, kwa kuwa hata leo wako wafundishao dini, waongozao nyimbo na wazuruo wagonjwa bila malipo. Mahudhurio yao huandikwa daftarini. Lakini mmoja wao asipoonekana Jumapili mbili, ni nani aliyepewa kazi ya kwenda kumjulia hali?